Makinikia ya Damu

Tone la damu linalotoka kisiginoni mwa mtoto mchanga, ukiliweka kwenye mizani ya mnunuzi wa dhahabu pale Katoro, mkoani Geita, halifiki pointi moja. Muuguzi anafuta ngozi kwa pamba yenye spiriti, anachoma mara moja, anasubiri. Bibi ndiye aliyeshika mguu. "Mayu, shika hapo hapo, usiachie," anaambiwa, naye anashika kwa mikono yote miwili, uso ameugeuzia dirishani, maana kilio cha kichanga hakizoeleki. Damu inanyonywa na kijiti chembamba, inakorogwa kwenye kichupa chenye maji ya dawa, kisha inadondoshwa kwenye kifaa cha plastiki chenye kidirisha katikati. Watu wazima watatu wanainama kukitazama hicho kidirisha. Ukijitokeza mstari wa A peke yake, mtoto yuko salama. Ikijitokeza A na S, amebeba lakini haumwi. Ikijitokeza S peke yake, mtoto ana selimundu. Sikoseli, kama tunavyoiita mtaani.

Ukanda huu umezoea kupima vitu vidogo. Kuanzia Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hadi Kahama, Nyarugusu na Geita yenyewe, riziki za watu zimelala kwenye gramu na pointi. Jiwe linatolewa duarani, yaani shimoni, kwa viroba, linasagwa kwenye karasha, linaoshwa, linakorogwa na zebaki, linakamuliwa kwenye kitambaa. Kinachobaki kinachomwa mpaka zebaki iondoke na moshi wake wenye sumu, na kiroba kizima cha mwamba kimekuwa kipunje cha manjano ambacho mtu anakiviringisha kwenye kipande cha nailoni na kukitia mfuko wa shati. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa kwamba jambo zito linaweza kukaa ndani ya kitu chepesi. Wanachohitaji kuambiwa, na hawajaambiwa vya kutosha, ni kwamba damu yao nayo ina kitu ambacho dunia imekichimba kwa miaka mingi, na sasa kimeanza kuuzwa.

Katika Kanda ya Ziwa, takribani mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa amebeba jeni ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja. Huyo atakimbia, atalima, atashuka duarani, atazeeka. Mwenye taabu ni yule aliyeipata kwa baba na kwa mama. Tanzania huzaa watoto wa namna hiyo wapatao 11,000 kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi chache duniani zenye idadi kubwa kiasi hicho. Wasipohudumiwa, zaidi ya nusu hawafiki miaka mitano. Wengi wa hao waliozikwa nyuma ya nyumba, chini ya minyaa, walikwenda bila mtu kujua jina la kilichowaua.

Jina lilipokosekana, liliwekwa jina lingine. Usukumani, kifo cha mtoto hakikukosa mwenyewe. Kwanza vidole vinavimba, mtoto akiwa na miezi sita au saba, analia ukimshika mkono. Kisha macho yanageuka manjano. Usiku wa baridi ya Juni anajikunja na kupiga kelele za maumivu ambayo hayaonekani kwa nje, hakuna kidonda, hakuna jipu, na asubuhi ametulia. Anayemfuata anazaliwa mzima. Wa tatu anarudia yale yale. Familia inayotazama mambo hayo kwa miaka kumi inaona mkono unaochagua: huyu nimchukue, huyu nimwache. Na mkono lazima uwe wa mtu. Shinyanga imebeba kwa miongo mingi aibu ya mauaji ya vikongwe, kina mama waliopikia kinyesi cha ng'ombe na mabua mpaka macho yakawa mekundu, na wekundu huo ukafanywa ushahidi wa uchawi. Sitadai kwamba kila panga lililoinuliwa lilitokana na sikoseli. Kulikuwa na surua, malaria, wivu, ugomvi wa mashamba. Lakini ugonjwa unaochagua watoto ndani ya nyumba moja, unaopita huyu na kumkamata yule, ulikuwa shahidi wa uongo aliyekubalika kila baraza.

Mtu akiniuliza faida ya kwanza ya elimu ya jeni kwa watu wa Shinyanga, sitaanza na tiba. Nitaanza na bibi aliyeshika mguu. Tone lile linamtoa kizimbani. Linasema kuna nusu ya baba na nusu ya mama, na kila ujauzito wa wazazi hao wawili una nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, leo, kesho na mtondogoo, bila kisasi cha mtu yeyote. Mkono unaochagua ulikuwa hesabu tupu.

Hata hivyo, tone hilo lina mdomo mpana. Mtoto akitoka na S mbili na baba, akipimwa, hana hata moja, muuguzi ameshika siri ya nyumba ambayo hakuiomba. Huku, ambako wanaume wanafuata rashi za dhahabu kutoka Geita hadi Chunya na kurudi baada ya misimu miwili, siri kama hizo si za kutafuta kwa tochi. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na walijua walichokuwa wanakifunika kwa maneno hayo. Kwa maoni yangu muuguzi anyamaze. Kipimo kilikuja kumtafuta mgonjwa, hakikuja kumtafuta mgoni.

Lakini kwa nini jeni ya kuua watoto imeng'ang'ania hapa, isifutike pamoja na watoto inaowaua? Jibu lake lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa na msafara wa Oxford uliokuja Mlima Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali na kuona kwamba jeni hii ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa, na ni haba kwenye nyanda za juu za baridi. Ramani ya jeni ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyebeba jeni moja amekingwa kwa sehemu kubwa dhidi ya malaria kali. Yaani ndugu mzima yule, anayecheza mpira, anaishi kwa hisani ya kitu kile kile kinachomkunja mdogo wake kitandani. Ng'ombe hashindwi na nunduye. Ila hapa mmoja amebebeshwa nundu mbili. Na malaria haijaondoka. Mikoa ya Ziwa bado iko juu katika takwimu za ugonjwa huo nchini, na mashimo yanayoachwa na wachimbaji hujaa maji kila masika, mbu wakapata pa kuzalia. Jeni ni ya kale kuliko mgodi wowote wa hapa, imetangulia kwa maelfu ya miaka, lakini kila shimo lisilofukiwa Nyarugusu linaipa sababu mpya ya kubaki.

Kosa lenyewe ni la herufi moja. Katika maandishi marefu yanayoiambia seli namna ya kutengeneza himoglobini, mahali pa herufi A imekaa T, basi. Ilichukua muda kulifikia hilo. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu seli zilizopinda alizoziona katika damu ya kijana wa Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kasoro imo ndani ya molekuli ya himoglobini yenyewe. Baadaye kidogo Vernon Ingram akataja mahali penyewe. Kisha miaka ikapita, mingi, wagonjwa wakiendelea kupewa maji na vidonge vya maumivu, mpaka ukaja mkasi wa jeni uitwao CRISPR, ambao Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2020 kwa ajili yake.

Ujanja wa tiba yenyewe unanivutia kuliko sifa zake. Waliotengeneza Casgevy, tiba ya sikoseli inayotumia mkasi huo, hawakuirekebisha herufi iliyokosewa. Walikumbuka kwamba mtoto tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyopinda, ambayo mwili huiacha miezi michache baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana vidole huanza kuvimba mwezi wa sita na si siku ya kwanza. Himoglobini hiyo ni ghala la akiba lililotiwa kufuli mtoto alipoanza kujitegemea. Mkasi unakata kufuli. Seli mama za damu zinatolewa mwilini, zinapelekwa maabara, zinakatwa jeni moja mahali panapostahili, kisha mgonjwa anapewa dawa kali ya kuua uloto wake wa zamani, na zile zilizorekebishwa zinarudishwa kwa mshipa kama mtu anavyoongezewa damu. Uingereza iliidhinisha tiba hii Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kubwa la maumivu. Mtu aliyewahi kulala karibu na mgonjwa wa sikoseli usiku mmoja tu anajua mwaka mzima maana yake nini.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nyingine, Lyfgenia, ilitangazwa kwa dola milioni 3.1. Tuseme ile ya bei nafuu, kama neno nafuu linaruhusiwa hapa: ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto tuliyoizoea, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Gharama ya mgonjwa mmoja wa Casgevy ingewakatia bima hiyo watoto zaidi ya laki moja. Na kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana kwenye sherehe: tiba hiyo iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Wale wetu wanaokwenda kabla ya miaka mitano hawafiki hata kwenye foleni.

Hapo ndipo ninapoyakumbuka makinikia. Machi 2017 serikali ilizuia mchanga wa dhahabu wa Bulyanhulu na Buzwagi usisafirishwe nje, makontena 277 yakabaki Dar es Salaam, na kwa wiki kadhaa nchi nzima, kuanzia bodaboda hadi maprofesa, ikajadili kuna nini ndani ya mchanga ule. Takwimu za kamati zilizouchunguza zilibishaniwa na zitaendelea kubishaniwa. Lakini swali lilikuwa halali: kitu kinatoka kwetu kikiwa mchanga, kinakwenda kusafishwa ng'ambo, kinarudi kikiwa na bei ambayo mwenye shamba hawezi kuigusa. Damu nayo ilisafiri hivyo. Ilitoka Afrika Mashariki kwenye vichupa vya Allison. Kabla ya hapo damu ya Waafrika ilikwishavuka bahari ndani ya miili ya watu waliouzwa, ikaenda Karibi na Amerika, na kwa njia ya Zanzibar ikafika Oman, ambako sikoseli ni ugonjwa wa kifamilia hadi leo. Mgonjwa wa kwanza Marekani kutibiwa sikoseli kwa mkasi wa jeni, mwaka 2019, Victoria Gray wa Mississippi, ni Mmarekani Mweusi. Sisemi mtu aliiba. Allison alikuwa mtafiti mwaminifu, na aliyevumbua mkasi hana deni la kibinafsi na mama wa Geita. Ninachosema ni kwamba maarifa haya yametoka katika miili ya watu waliougua, na dawa inayozaliwa na maarifa hayo isihesabiwe kuwa sadaka siku itakapofika kwao.

Tofauti moja ni ya kutia uchungu. Kelele za makinikia ziliishia kwenye mkataba: kampuni ya Twiga, serikali ikapata hisa 16 kwa mia. Unaweza kuuona mkataba huo mzuri au mbaya, lakini upo. Damu haina Twiga yake. Zipo taratibu, sampuli haitoki nchini bila kibali, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye kituo chake pale Mwanza, inapitia maadili ya tafiti. Hayo ni ya kulinda mtu asidhurike wakati anachomwa sindano. Swali la nani atakula tunda, na kwa bei gani, linabaki nje ya fomu.

Naogopa pia ahadi yenyewe. Mwaka 2011 tuliwaona watu wakitolewa wodini, wakipakiwa kwenye mabasi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mponyaji aliyeitwa Babu kwa shilingi 500. Wengine waliacha dawa zao. Wasomi waliwacheka, mimi sikuona cha kucheka: mtu anayeumwa atafuata ahadi popote ilipo, na kadiri dawa ya kweli inavyokuwa mbali, ndivyo ya uongo inavyokuwa na wateja. Tiba ya jeni ni ya kweli, imepimwa, lakini ikitangazwa redioni bila bei, bila umri, bila kutaja kwamba ile dawa ya kuua uloto inaweza kumwacha mtu bila uwezo wa kuzaa, itafanya kazi ile ile ya kikombe. Hilo la kuzaa lipewe uzito wake. Kwa kijana wa Kisukuma wa miaka 16, anayetegemewa kuendeleza ukoo, si jambo la kuwekwa mstari wa mwisho wa fomu ya Kiingereza. Kule ng'ambo tajiri anahifadhi mbegu zake kwenye barafu. Huku friji ya zahanati inategemea umeme usikatike.

Kuna hofu nyingine, na hii ni yetu hasa. Ukanda huu wa dhahabu ndio ulioona watu wenye ualbino wakiwindwa, viungo vyao vikiuzwa kwa imani kwamba vinavuta madini. Ualbino nao ni jeni, nao hupokelewa kwa baba na mama. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiwa Kahama, ilitoa hukumu ya kwanza dhidi ya wauaji wa mtoto mwenye ualbino. Buhangija, hapa Shinyanga mjini, shule iligeuka kimbilio la watoto ambao vijiji vyao havikuweza tena kuwahifadhi usiku. Kwa hiyo nikisikia mtaalamu akisema siku moja tutarekebisha kila kasoro ya kurithi, nauliza nani ataandika orodha ya kasoro. Sikoseli inauma, mgonjwa mwenyewe anaomba iondoke. Mtoto wa Buhangija anahitaji kofia, miwani, mafuta ya kuzuia jua kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, na usiku wa amani. Tatizo lake kubwa halimo kwenye jeni, limo kwenye panga. Anayemtengenezea mkasi anakosea mgonjwa.

Tofauti hii iwekwe wazi: Casgevy na wenzake hugusa damu ya mgonjwa, hawagusi mbegu yake. Aliyepona bado atampa mtoto wake jeni ile ile. He Jiankui wa China alipotangaza mwaka 2018 kwamba amehariri viinitete na mapacha wamezaliwa, dunia ilishtuka na yeye akafungwa miaka mitatu. Nadhani walimfunga sawa. Jeni iliyotukinga na malaria kwa maelfu ya miaka haiondolewi kwenye ukoo kwa uamuzi wa mtu mmoja mwenye darubini, hasa wakati mbu bado wanazaliana kwenye mashimo.

Hata hivyo sikubali neno "bado mapema" linapotamkwa na watu walioshiba. Oktoba 2019 taasisi za afya za taifa za Marekani na mfuko wa Gates waliahidi dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za sikoseli na Ukimwi zitakazoweza kutumika Afrika. Walitaja miaka 7 hadi 10 kufikia majaribio, na miaka hiyo inakwenda. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kazi ambayo zamani ilihitaji pasipoti. Muhimbili imefuatilia wagonjwa tangu 2004, chini ya kina Profesa Julie Makani, na maarifa yao ni mali. Na kuna kidonge cha haidroksiyurea, ambacho hufungua ghala lile lile la himoglobini ya utotoni, kidogo kidogo, bila mkasi. Watoto waliopewa Kilifi na Mbale, pamoja na wa Kinshasa na Luanda, katika utafiti uliochapishwa 2019, walipata maumivu machache zaidi, malaria chache zaidi na vifo vichache zaidi. Dawa hiyo ni ya zamani na si ya mabilioni. Ukichanganya na penisilini ya utotoni, chandarua na kipimo cha siku ya kuzaliwa, unapata watoto watakaofika miaka 12 wakiwa hai, wakiisubiri tiba kubwa kwa haki.

Basi mwenye nafasi ya kusema aseme. Diwani, mbunge, paroko, shehe: mwulizeni mganga mkuu wa wilaya kama kipimo cha sikoseli kipo wodi ya wazazi, na kama haidroksiyurea ipo kwenye dirisha la dawa au ipo kwenye mwongozo tu. Na wewe unayeombwa damu kwa ajili ya utafiti, kabla hujaweka dole gumba kwenye fomu, uliza dawa itakayotokana nayo itafika Geita lini na kwa bei gani, kisha ungoje jibu liandikwe.